Kuvu Kwenye Nta ya Awo Tsotsoo

Alhamisi, 2 Mei 1968

Mvua zimeanza mapema, na bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya benchi. Nimetega ndoo. Mashine zangu kumi na moja nimezisogeza ukutani na kuzifunika turubai, zinafanana na maiti za ajali.

Mchana aliletwa Awo Tsotsoo (awo kwetu ni mama), muuza matonge ya kenkey ya mahindi kwenye kona ya kanisa, ameshikwa mkono na binti yake Atswei. Miguu imemvimba hata viatu havimwingii. Alikaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Lomotey, ati wewe ndiye fundi wa mashine zinazosema?"

"Awo, umenilisha kenkey miaka thelathini, leo unaniuliza kazi yangu?"

"Mdomo wako naujua. Kazi yako sijaiona."

Kisha akafungua fundo la kitambaa, akatoa kopo la karatasi ngumu. Ndani yake mlikuwa na silinda ya nta, rangi ya kahawia, tupu katikati, ukubwa wa kikombe cha chai. Santuri za bapa kila mtu anazo, lakini silinda ya nta iliyorekodiwa hapahapa kwetu sijapata kuishika tangu nianze kukusanya. Kifuniko kilikuwa na maandishi ya mmisionari mmoja: 1905, mwanamke wa sokoni anamwita mtoto wake, kisha anaimba.

Mwanamke huyo ni mama yake Awo. Mtoto anayeitwa ni Awo mwenyewe, akiwa na miaka mitatu. Mwaka uliofuata mama alikufa, shangazi akamchukua mtoto kwenda naye Nsawam, na huko wakamwita Tsotsoo tu, jina la ukoo. Lile la nyumbani, alilopewa na mama, limepotea. Waliolijua wote wamekufa. Silinda ilikaa stoo ya misheni miaka sitini mpaka walipoifagia stoo mwezi uliopita.

"Nakumbuka mdomo wake ukilitaja," alisema. "Sauti ndiyo sina. Lakini nikilisikia nitalijua."

Atswei aliniambia kwa sauti ya chini kwamba daktari amesema moyo umechoka. Awo akamsikia.

"Semeni tu, siogopi. Nikifika kule mama yangu ataniita, Lomotey. Ataniita kwa jina alilonipa yeye. Nisipoitika je?"

Mimi ni mzee wa kanisa la Presbiteri na nina majibu ya maswali kama hayo. Badala yake nikamwambia anipe wiki moja nitengeneze mashine ya kuichezea.

Ukingoni mwa nta kuna madoa matatu meupe. Kuvu.


Ijumaa, 3 Mei

Mashine zangu zote za silinda zimetengenezwa kwa silinda ngumu za miaka ya baadaye. Vichwa vyake vya sindano ni vizito, vitailima nta hii kama jembe. Ipo moja tu ya zamani yenye kichwa chepesi, na hiyo kamani yake, springi inayoizungusha, imekatika na pete za mpira kichwani zimekauka kuwa mawe. Kazi ipo.


Jumapili, 5 Mei

Kanisani. Mvua.


Alhamisi, 9 Mei

Nimetoboa kamani ncha zote mbili na kuiunga kwa ribiti. Imeniruka mara moja ikanichana kiganja. Pete nimezikata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Mke wangu Korkor alikuja kunisemesha jambo nikiwa nimelala chini ya mashine, sijui alisema nini.


Jumamosi, 11 Mei

Inazunguka! Saa nne asubuhi nimeijaribu kwa silinda yangu mbovu na imeimba bila kuyumba. Korkor alitoka jikoni na unga mikononi.

"Mwite Awo sasa hivi," alisema.

"Na pembe hii ya kutolea sauti, yenye kutu?"

"Anataka sauti au anataka pembe?"

Wanawake hawaelewi kazi. Mtu hasikii sauti ya mama yake baada ya miaka sitini kupitia bati lililooza. Nimeisugua pembe, nimeipaka rangi nyekundu, na ndani nitaichora maua ya dhahabu kama ilivyokuwa dukani. Kwa unyevu huu rangi itakauka Jumanne. Nimemwambia Atswei amlete Jumanne.


Jumapili, 12 Mei

Nimekasirika, kalamu inatoboa karatasi.

Tulipotoka kanisani nilimkuta shemeji Amartei barabarani, shuka jeupe begani, kengele mkononi, anatangaza kwa niaba ya wulomo, kuhani wa mila. Kuanzia kesho mtama wa sikukuu unapandwa, mji unanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna redio kubwa, hakuna pembe, mwezi mzima mpaka Alhamisi ya tarehe kumi na tatu Juni.

"Nilidhani ni wiki ijayo!" nilimwambia Korkor.

"Alhamisi nilikwambia. Ukasema mm."

Niandike hili ili nisiwe kama mtu anayeficha. Miaka mitatu iliyopita, mwezi kama huu, nilijaribu gramafoni mlango ukiwa wazi, dakika moja tu. Amartei alikuja na vijana wa wulomo wakaibeba. Ndugu wa mke wangu! Nilitozwa kondoo na chupa mbili za jini, nikamvuta kondoo huyo barabara nzima watu wakinitazama, mzee wa kanisa. Mashine ilirudi na pembe imebonyea. Siku ile niliapa kwamba mimi na Amartei tutasalimiana kwa ajili ya Korkor, lakini sitamwomba kitu mpaka nizikwe.


Jumanne, 14 Mei

Awo amekuja akakuta pembe inang'aa na mimi nimeinamisha kichwa.

"Mwezi mmoja?" aliuliza. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Lomotey, mimi kenkey yangu haikai hata siku nne."

Nilimwambia nitaipeleka silinda Akropong mlimani, kule marufuku haifiki, nitainasa kwenye tepu na kumletea. Alikataa kabisa. Kitu cha mama yake kilichukuliwa mara moja kikakaa miaka sitini. Akaongeza kwamba kwa mashimo ya barabara ile hata yai lililochemshwa lingevunjika. Hapo alisema kweli.

"Basi kamwombe ruhusa Amartei," Korkor alidakia.

Nilijifanya natafuta bisibisi. Kuvu: madoa matano.


Alhamisi, 16 Mei

Mji umenyamaza hata kuku wanaona haya. Madoa sita.


Jumamosi, 18 Mei

Nimeweka mkaa na mchele mkavu kwenye kopo la maziwa, na silinda katikati. Nta haioshwi kwa maji, wala kwa mafuta, wala kwa spiriti. Kila kinachong'oa kuvu kinang'oa na mfereji wa sauti. Mfereji wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na kuvu inakula humohumo. Inakula maneno, kwa kifupi.

Madoa tisa.


Jumapili, 19 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mahubiri yalihusu subira. Amartei alipita mbele ya mlango wetu asubuhi, polepole, kama afisa anayekagua gwaride. Anapita kila siku. Ananichunga.


Jumanne, 21 Mei

Leo nimefanya kosa la mwanafunzi. Nililiweka kopo juu ya kichanja cha jikoni, pale Korkor anapokaushia samaki, nikisema joto dogo litaifukuza kuvu. Nilirudi baada ya nusu saa. Korkor alikuwa ameshalishusha, analipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Unataka kumkaanga mama wa watu?"

Nta ilikuwa imelainika. Niliitoa kwa haraka, na alama ya kidole gumba changu imebaki ukingoni, mistari yote inaonekana, juu ya mistari ya sauti ya marehemu. Niliitazama mpaka macho yakaniuma. Imebaki na haitoki.


Ijumaa, 24 Mei

Jambo hili nimekuwa nalo kichwani wiki nzima, afadhali niliandike.

Mashine za zamani hazikuwa na pembe tu. Zilikuwa na mirija ya mpira ya kuweka masikioni, kama ile ya daktari. Mimi ninayo, iko kwenye droo ya tatu, nilikuja nayo kutoka Sekondi nilipostaafu reli. Ukiiweka masikioni unasikia wewe peke yako, aliye karibu nawe haambulii kitu zaidi ya mlio wa mende anayetembea. Nimeitoa leo. Inafaa. Nyufa mbili nimezifunga kwa utepe.

Lakini vijana wale wa wulomo wakiniona nazungusha mashine hawataniuliza kama imepiga kelele. Wataibeba. Lazima niombe kwanza, na wa kuombwa ni Amartei.

Nimeirudisha droo ya tatu.

Madoa kumi na nne.


Jumamosi, 25 Mei

Madoa kumi na tisa. Korkor: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nikamwambia mgongo unaniuma. Hakucheka.


Jumatatu, 27 Mei

Mvua. Ishirini na sita, na mengine yameungana.


Jumatano, 29 Mei

Awo hatoki tena kitandani. Nilikwenda kumwona mchana. Nyumba inanuka mahindi yaliyochacha ya kenkey ambayo hakuna wa kuipika. Atswei alikuwa amekaa kwenye kigoda miguuni mwake, na nilipoingia nilidhani anamsomea sala.

"Akoshia," alisema.

"Siyo," Awo akajibu, macho ameyafumba.

"Dzifa? Lakini hilo ni la kabila la Waewe."

"Siyo. Wewe kichwa chako hata bibi yako umemgeuza kabila."

Anamtajia majina. Kila siku majina ishirini, ya ndugu, ya majirani, ya vyakula, ya ndege, majina yote ambayo mama anaweza kumwitia mtoto wake mdogo, akitumaini moja litanasa. Awo anayakataa moja moja, hana shaka hata kidogo. Nimeona watu wakichambua mchele hivyo.

"Fundi," aliniita bila kufumbua macho. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Mbili na siku moja, Awo."

"Nitajitahidi."

Nilitoka nimejaa aibu. Nilipomkuta Amartei kwenye kona, na kengele yake, aibu ikageuka hasira mara moja. Nilimwona yeye ndiye anayemuua yule mama. Nilimsalimia kwa kidevu.


Ijumaa, 31 Mei

Sikufungua kopo.


Jumamosi, 1 Juni

Nimefungua. Siwezi kuhesabu tena, upande mmoja wote umekuwa mweupe kama kitako cha mkate.


Jumatatu, 3 Juni

Korkor alijitanda kitambaa akasema anakwenda mwenyewe kwa kaka yake. Nikasimama mlangoni. Nilimwambia akienda, asirudi na jibu, kwa kuwa sitalipokea. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijapata kumwambia neno kama hilo. Alikivua kitambaa akakikunja taratibu.

"Mficha uchi hazai, Lomotey. Wewe huoni haya ya kumwacha yule mama afe, unaona haya ya kusema naomba."

Amelala chumba cha binti yetu.


Jumatano, 5 Juni

Asubuhi Atswei alikuja akiwa hana viatu. Mama yake amekataa uji. Amesema kama ni mwezi ule wa kungojea, umemshinda.

Nilichukua chupa ya jini kabatini nikaenda. Niliinama, ndiyo, niandike hivyo hivyo. Amartei alikuwa uani kwake anakata kucha za miguu, shuka lake jeupe limeanikwa kwenye kamba halikauki. Nilisema yote kwa pumzi moja: silinda, jina, moyo, mirija ya masikio, hakuna pembe, hakuna kelele. Nikasema naomba.

Aliacha kukata kucha.

"Ni hilo tu, shemeji?"

"Ni hilo."

"Korkor aliniambia tangu siku ya kwanza ya marufuku. Nikamwambia, aje mwenyewe, jambo la heshima huombwa na mwenye jambo. Nikakungoja. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwako polepole, nikisema labda leo ataniita. Unanitolea kidevu!" Alikitupa kisu cha kucha. "Nani anamnyima mwanamke anayekufa? Tunaruhusu kila mwaka. Mwaka jana tulimruhusu seremala apige misumari ya jeneza siku tatu."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alivaa shuka bichi vilevile, tukaenda pamoja kwa wulomo. Mzee yule hakuchukua hata dakika tano. Alimimina tone la jini chini, akasema: mlango ufungwe, pembe isiwepo, mtama hausumbuliwi na mtu anayesikiliza masikioni mwake. Kesho saa tatu.

Tuliporudi Amartei hakunitania, wala hakuutaja ule mwaka wa kondoo. Alisema tu, "Na mimi ningekuja. Ningeweza kuja." Sisi wawili tulikuwa tumekaa siku ishirini na tatu, kila mmoja nyuma ya mlango wake, tukimngoja mwenzake.


Alhamisi, 6 Juni

Nilifungua kopo saa moja asubuhi kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa kana kwamba mtu ameinyunyizia unga. Nilichukua burashi ya nywele laini, ile ya kuchorea maua, nikapitisha bila kukandamiza. Unga mweupe ulitoka, na chini yake nta haikuwa ya kahawia tena bali ya kijivu, ina vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Ukingo ambapo sauti inaanzia ndio ulioliwa zaidi. Jina liko mwanzoni. Anamwita, kisha anaimba.

Hata hivyo tuliibeba mashine, mimi na Amartei, bila pembe, imefunikwa shuka lake. Tulifunga mlango na dirisha. Awo aliwekewa mito mgongoni. Alikuwa amevalishwa kitambaa chake cha kanisani na shanga shingoni.

"Mbona pembe haipo? Nilisikia ina maua," alisema.

"Hii ya masikioni ni nzuri zaidi, Awo. Mama yako atakuja karibu."

Nilimwekea mirija masikioni, nikajaza kamani, nikateremsha kichwa kwenye nta polepole. Sisi wengine hatukusikia kitu isipokuwa ule mlio mdogo wa mende. Tulimtazama uso tu. Mwanzoni alikunja uso.

"Nasikia mvua," alisema kwa nguvu, kama mtu aliyeziba masikio.

Nikamwashiria aendelee.

"Kuna mtu. Kuna mtu nyuma ya mvua!" Mkono wake ukamtafuta Atswei ukamshika. Midomo yake ilifunguka. Alikaa hivyo, mdomo wazi, mpaka silinda ilipofika mwisho nami nikakinyanyua kichwa cha mashine.

"Anaimba," alisema. "Wimbo nimeupata kidogo, ni ule wa kutwanga. Lakini alipoita sikushika. Mvua ilikuwa kubwa. Lomotey, masikio yako ni mazima. Sikiliza wewe, uniambie."

Kwenye sinia chini ya mashine kulikuwa na vumbi la nta. Sindano ilikuwa inaibomoa ikipita. Nilijua hii ya pili ndiyo ya mwisho.

Niliweka mirija masikioni mwangu. Mvua, kweli, mvua kubwa ya mikwaruzo. Kisha pumzi ya mwanamke, karibu kabisa, mpaka nilitaka kugeuka. Kisha akaita. Niliusikia mwito, nasema kweli mbele ya Mungu: sauti ilipanda, ikavutwa, ikashuka, jinsi mama yeyote anavyomwita mtoto aliye mbali kidogo anayecheza. Neno lenyewe halikuwamo. Kulikuwa na umbo la kuita, lakini pale palipokuwa na jina palikuwa na mkwaruzo. Aliita mara tatu. Mara tatu kuvu ikajibu. Halafu ule wimbo, mwembamba, unakatikakatika.

Nilivua mirija. Wote walikuwa wananitazama, Awo, Atswei, na Amartei aliyeegemea mlango.

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na neno tayari, neno moja: "Halipo." Lakini nilimwona Awo amekaza shingo kama mtoto anayengoja kuitwa darasani, na nilijua ni nani aliyelila jina lile. Pembe nyekundu na siku ishirini na tatu za kiburi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Fofoi," nikasema.

Ni ua tu kwa lugha yetu. Nusu ya watoto wa mtaa huu, na mbuzi wao, wanaitwa hivyo.

Awo alinitazama usoni, akatazama mikono yangu. Kisha akaegemea mito.

"Ndiyo," alisema. "Ndilo hilo. Asante, fundi."

Amartei alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima na shuka lake. Alinikumbatia. Atswei hakunyanyua macho kutoka mkono wa mama yake.


Ijumaa, 7 Juni

Mtaa mzima unajua. Amartei ameeneza habari kila mlango kwa furaha. Wanawake wa sokoni wamenipigia magoti. Korkor amerudi chumbani kwetu, na kabla hajazima taa aliniuliza, "Ulilisikia kweli?" Nikamwambia nimechoka.


Jumatatu, 10 Juni

Awo Tsotsoo amefariki leo saa nane mchana. Mvua ilikuwa imekatika.


Jumatano, 12 Juni

Nilikwenda kwa Atswei kuchukua mashine. Silinda haina kitu tena, nta imekuwa laini na kijivu mzunguko mzima. Nilitaka kutoka haraka lakini alisimama mlangoni kama nilivyosimama mimi siku ile.

"Fofoi nilimtajia," alisema. "Ijumaa ile baada ya wewe kuja. Lilikuwa la nne au la tano. Alisema siyo."

Sikuwa na pa kujificha.

"Kwa nini basi alikubali?"

"Nilimuuliza ulipotoka. Akasema, mwache, fundi anatetemeka, ataiangusha mashine." Alinipisha mlangoni. "Baadaye alilia kidogo. Hakulia kwa sababu yako. Alisema sasa ataitwa na hatajua kama ni yeye."

"Nitawaambia watu."

"Usimwambie mtu yeyote. Mama alisema kondoo yule alitosha, usiaibishwe mara ya pili."


Alhamisi, 13 Juni

Marufuku imeondolewa. Ngoma tangu asubuhi. Nimelala na mto kichwani.


Jumamosi, 22 Juni

Tumemzika leo.

Walimlaza kwenye kitanda cha shaba, shanga shingoni, mtaa mzima ukapita mbele yake. Kisha akatiwa jenezani, wanaume wa ukoo wakasimama uani, na Amartei akapewa chupa ya jini awamiminie wahenga. Kabla ya kumimina alinitaja. Alisema mbele ya watu wote kwamba shemeji yake Lomotey, fundi, kwa mikono yake na subira yake, alimrudishia mama huyu jina lake, na kwamba mwaka ule wa kondoo ni yeye Amartei aliyekosa, anaomba radhi. Watu wakanipigia makofi. Pasipo hata mtu mmoja kunilazimisha nilisimama nikapunga mkono.

Halafu akaanza kumimina. Kwetu anayemimina husema, na waliosimama hujibu kwa pamoja, ili maneno yapite.

"Mama yake, uliyetangulia mwaka ule, tega sikio."

"Hiao," tukajibu.

"Mtoto wako anakuja. Usimwite kwa jina la ukoo."

"Hiao."

"Mwite kwa jina ulilompa wewe. Mwite Fofoi, aitike, umpokee."

"Hiao," waliitika wote, na sauti yangu, iliyozoea kuongoza nyimbo kanisani, ilikuwa juu ya zote. Nilimtazama Atswei upande wa pili wa jeneza. Mdomo wake haukufunguka.